Baiskeli ya Kukunja Ichaguliwe kwa Kumfikiria Fundi wa Tandika

Nimeishi Utrecht, nchini Uholanzi, kwa miaka 11, na katika safari zangu tatu za mwisho za kurudi Dar es Salaam nimekuja na baiskeli ya kukunja ndani ya mzigo wangu. Watanzania wenzangu wa ughaibuni huniuliza wanunue ipi, na karibu wote huanza na swali moja: ni ipi inayokunjika ikawa ndogo kuliko zote? Kwa maoni yangu swali hilo si la kwanza, wala si la pili. Mtu anayetaka kupanda ndege na baiskeli ili aizungukie nchi yake aulize kwanza nani ataitengeneza itakapoharibika kati ya Bunju na Bagamoyo, fundi huyo ana vifaa gani, na vipuri vitanunuliwa duka gani. Udogo wa mkunjo ufuate baadaye.

Najua swali lao linatoka wapi, kwa sababu nami nilianza nalo. Huku Uholanzi baiskeli ya kawaida hulipiwa tiketi yake kwenye treni, na haipakiwi kabisa saa za msongamano, lakini iliyokunjwa huingia bure saa yoyote kama begi jingine lolote. Chini ya stesheni kuu ya Utrecht kuna maegesho ya baiskeli 12,500, makubwa kuliko yote duniani, na hata hapo abiria wenye haraka hupita na vibaiskeli vyao mkononi mpaka ndani ya behewa. Katika maisha ya namna hiyo kila sentimita inayopungua ni faida. Brompton, inayotengenezwa London, hukunjika ikawa chini ya sentimita 60 kwa 60 kwa 30, na kwa mtu wa treni na ofisi sijaona inayoishinda kwa ustadi wa mkunjo.

Baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa ya kampuni nyingine, lakini ilifuata ukubwa uleule wa gurudumu, yaani inchi 16. Niliishusha Dar es Salaam mwezi wa Desemba, nikakaa siku mbili Temeke kwa mama, siku ya tatu alfajiri nikashika barabara ya Bagamoyo. Ni safari ya kilomita 70 hivi, na msimu huo kaskazi humpiga mwendeshaji usoni karibu njia nzima. Nilipita Tegeta, nikapita Bunju, na nilipokaribia Mapinga gari kubwa lilinisukumia kwenye ukingo wa lami, tairi la nyuma likakatwa ubavuni na kipande cha bati. Tyubu ilikuwa imetokeza kama utumbo. Niliikunja baiskeli, nikasimamisha daladala, nikarudi mjini nikiwa bado na matumaini, kwa sababu nilijua Kariakoo hakikosekani kitu.

Kariakoo niliuziwa tairi lililoandikwa inchi 16, bila ubishi. Halikuingia. Nikapewa la pili, na lenyewe likawa dogo vilevile. Muuzaji, kijana muungwana ambaye hakuwa na kosa lolote, aliweka tairi juu ya ringi yangu mara tatu, kisha akaniambia, “Kaka, hii ringi yako sijawahi kuiona.” Alisema kweli. Tairi la inchi 16 la baiskeli ya mtoto hukaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 305, na ringi yangu ilikuwa ya milimita 349. Jina ni moja, vitu ni viwili, na tofauti ya milimita 44 haivutwi kwa nguvu za mikono. Baiskeli ilikaa ukumbini kwa mama wiki tatu zilizobaki, imekunjwa vizuri sana, nami nikaizunguka Dar es Salaam kwa bajaji.

Ndiyo maana humsihi anayeniuliza asome namba ndogo zilizochapwa ubavuni mwa tairi kabla ya kusoma jina la kiwanda. Namba ya pili, ile yenye tarakimu tatu, ndicho kipenyo cha ringi. Kwa safari ya nyumbani nakubali moja tu: 406. Huo ndio ukubwa wa inchi 20 wa kawaida, unaotumiwa na baiskeli za watoto wakubwa, na baiskeli za mitumba kutoka Japani zinazoshushwa kwa makontena bandarini kwetu zimejaa magurudumu hayo. Tahadhari ni kwamba ipo inchi 20 nyingine, ya 451, nyembamba na nyepesi, inayopendwa na wenye mbio. Hiyo nayo itakufikisha palepale nilipofika mimi. Ukiipata 406, weka tairi nene, la milimita 47 au zaidi, kwa sababu gurudumu dogo huingia kwenye shimo ambalo gurudumu kubwa lingelivuka, na mchanga wa kando ya barabara zetu humeza tairi jembamba.

Safari iliyofuata nilikuja na baiskeli ya aina hiyo, na ndipo nilipofahamiana na fundi wa Tandika. Nilikuwa nimetoka Morogoro kwa basi, baiskeli ikiwa kwenye buti chini ya magunia ya watu, na gurudumu la nyuma likafika limekatika spoki mbili na kupata pancha juu yake. Nilimkuta mzee mmoja chini ya mwembe karibu na soko, na vifaa vyake vyote vikiwa ndani ya ndoo moja ya rangi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Hii inakatika katikati?”

“Inakunjwa, mzee. Tatizo ni gurudumu.”

Alifungua bawaba ya fremu, akaifunga, akaifungua tena, akapitisha kidole kwenye pini yake, kisha akaiacha na kushika kazi. Tyubu aliijaza upepo, akaizamisha kidogo kidogo ndani ya karai la maji yaliyokwisha kuwa meusi, akiizungusha kwa vidole gumba viwili mpaka uzi mwembamba wa viputo ukapanda. Akapafuta mahali pale kwa kanga kuukuu, akapakwangua kwa kifuniko cha kopo kilichotobolewa kwa misumari, akakata kiraka cha duara kutoka tyubu ya pikipiki, akapaka gundi pande zote mbili, halafu akangoja. Huko kungoja ndiko wengi tusikokuweza. Alingoja mpaka gundi ikaacha kung’aa, ndipo akakigandamiza kiraka na kukigonga kwa mpini wa nyundo.

Spoki alizitoa kwenye fungu la spoki za baiskeli za watoto za inchi 20. Zilizidi kwa kiasi kidogo sana, akazipunguza ncha kwa tupa. Kisha akaipindua baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani, akalizungusha gurudumu huku ameegemeza ukucha kando ya ringi, na kila ukucha ulipoguswa alikaza spoki moja na kulegeza ya upande wa pili. Mwishoni alizikung’uta moja moja kwa bisibisi na kusikiliza. Ile iliyotoa sauti nzito aliirudia. Kazi nzima ilichukua chini ya saa moja na nikalipa shilingi 5,000. Gurudumu lile nimelitumia Utrecht misimu miwili tangu siku hiyo, na halijayumba.

Duka la baiskeli lililo karibu na nyumba yangu ya Utrecht linaendeshwa na watu wema na wenye ujuzi, lakini ukienda na pancha unapewa tarehe, na siku ikifika wanabadilisha tyubu nzima kwa zaidi ya euro 20 kwa sababu muda wa kuweka kiraka una gharama kuliko tyubu mpya. Siwalaumu, mishahara na kodi za nchi ndizo zinazopanga bei hiyo. Nasema tu kwamba baiskeli nyingi za kukunja zimebuniwa kwa ajili ya mazingira hayo, ambako kipande kikiharibika huagizwa kingine kwa mtandao na kufika kesho yake. Nyumbani kipande hutengenezwa. Kwa hiyo, kipande kisichotengenezeka, hata kiwe chepesi na kizuri namna gani, kinapaswa kuhesabiwa kuwa mzigo tangu dukani.

Ukishakubali jambo hilo, maamuzi mengi yanakuwa mepesi. Fremu iwe ya chuma ikiwezekana, kwa kuwa chuma kikivunjika kila mtaa wa Dar es Salaam una mchomeleaji, ilhali aluminiamu huhitaji mashine na mkono maalumu. Breki ziwe za kubana ringi kwa waya, si za mafuta. Valvu iwe nene kama ya pikipiki, ili kila kituo cha mafuta kikujazie upepo. Ile nyembamba ya Kifaransa itakufanya utegemee pampu yako mwenyewe. Kuhusu gia nilisita kwa muda mrefu. Gia zilizofichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, huepuka mchanga na chumvi ya pwani, na kwa matumizi ya mjini nazipenda, lakini zikigoma hakuna fundi wa barabarani atakayezifungua. Nilichagua gia nane za nje pamoja na cheni ya kawaida, nikakubali kuipangusa cheni kila jioni.

Wapo watengenezaji waliolifikiria jambo hili kwa makini. Bike Friday, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1992 katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, Marekani, hutengeneza baiskeli za chuma za magurudumu ya 406 zinazoingia ndani ya sanduku la kawaida la safari, na sanduku lenyewe linaweza kufungwa magurudumu likavutwa nyuma kama tela. Bei yake ni kubwa. Dahon, iliyoanzishwa mwaka 1982, na Tern, iliyozaliwa mwaka 2011, hupatikana zikiwa zimetumika kwa bei inayovumilika, lakini nyingi kati yake zina habu ya mbele yenye upana wa milimita 74 badala ya 100 ya kawaida, kwa hiyo gurudumu zima la mbele hutalipata Kariakoo. Ringi, tairi na spoki utazipata, na kwangu hayo yanatosha.

Uwanja wa ndege una masharti yake. Mashirika mengi hupokea mzigo wa kilo 23 ambao urefu, upana na kina chake vikijumlishwa havizidi sentimita 158, na hapa 406 inafaa tena, kwa sababu gurudumu lenye tairi nene lina kipenyo cha sentimita 50 tu na linalala vizuri sandukuni. Safari ile ya pili nilitumia begi laini, na baiskeli ikafika Dar es Salaam kikono kinachobeba kigeuza gia cha nyuma kikiwa kimepinda. Ni kipande cha aluminiamu, kidogo kama kidole, na kila baiskeli huwa na umbo lake. Nilikuwa na cha akiba mfukoni kwa bahati. Tangu hapo natumia sanduku gumu, nakifungua kigeuza gia na kukiviringisha ndani ya fulana, na natoa pedali zote mbili, nikikumbuka kwamba ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kuelekea kulia. Anayefikiria baiskeli ya umeme aachane na wazo hilo: betri inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, na betri za baiskeli karibu zote huzidi hapo.

Sitaki mtu anielewe kwamba nyumbani kila kitu kiko sawa. Utrecht mwanangu wa miaka tisa huenda shule peke yake kwa baiskeli, kwenye njia nyekundu iliyotengwa na magari, na Dar es Salaam nisingemruhusu kwenda hata hatua mia. Kando ya barabara ya Morogoro mradi wa mabasi ya mwendokasi ulijenga njia za waenda kwa miguu na baiskeli, lakini bodaboda na meza za biashara huzijaza. Mjomba wangu wa Kigamboni aliponiona nashuka kwenye pantoni na baiskeli aliniuliza kwa upole, akiwa amenivuta pembeni, kama mambo yameniharibikia huko Ulaya. Swali lake liliniumiza kwa ajili ya wengine zaidi kuliko kwa ajili yangu. Wauza samaki wanaotoka Feri alfajiri na tenga lililofungwa kwenye keria, wanapita barabara zilezile kila siku bila ukingo na bila heshima, na ndio wanaolisha mitaa yetu. Ujuzi wa yule fundi wa Tandika upo kwa sababu yao. Mimi mpita njia naufaidi kwa mwezi mmoja tu, ilhali wao wanaupa riziki mwaka mzima, na wakipata njia salama ya kupita nitafurahi kuliko ningefurahia baiskeli yoyote mpya.

Desemba hii narudi tena. Jana usiku nilipima sanduku kwenye mizani ya bafuni, likasoma kilo 22.4: baiskeli, kikono cha akiba, spana, nguo za wiki moja, na pakiti mbili za viraka alivyoniagiza mzee wa Tandika. Tairi la akiba sikuweka, kwa kuwa Kariakoo yapo.