Bahari ikila makaburi, nani alipe?

Mwaka 2019 serikali ya Australia ilitangaza rasmi kwamba panya mmoja mdogo wa kahawia ametoweka duniani. Makao yake yalikuwa mahali pamoja tu: Bramble Cay, kijisiwa cha mchanga katika mlango-bahari wa Torres, kati ya Australia na Papua New Guinea. Alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2009. Maji ya chumvi yalikipanda kisiwa mara kwa mara, yakayaua majani aliyoyala na kujificha ndani yake. Watafiti walipokwenda kumtega mwaka 2014 hawakupata hata mmoja.

Najua wapo watakaosema ni panya tu. Mimi nashindwa kulisema hilo, kwa kuwa katika mlango-bahari huohuo wanaishi watu, na maji yaliyommaliza panya yamekwisha kufika milangoni kwao.

Visiwa vya Boigu na Saibai ni ardhi tambarare, iliyoinuka kidogo mno juu ya bahari. Bamvua likikutana na upepo, maji huingia vijijini, huharibu mashamba kwa chumvi, na hufika makaburini. Kwenye visiwa jirani wapo waliookota ufukweni mifupa ya wazee wao. Ukisoma hilo, soma tena taratibu. Mila za watu hawa, wanazoziita Ailan Kastom, zimefungamana na maziara hayo, na mwendo wa kasa na nguva, na pepo zinazowaambia msimu gani umefika. Pepo zikibadilika na kasa wakiadimika, mzee aliyekuwa akiusoma msimu hubaki na elimu isiyoafikiana na anachokiona. Hakuna aliyemnyang'anya kitabu, lakini kurasa zake hazisomeki tena.

Mwaka 2022 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema Australia ilikiuka haki za wakazi wa visiwa vya mlango-bahari huo, ikiwemo haki ya kuishi utamaduni wao, kwa kutowakinga ipasavyo. Nilifurahi. Kisha, Julai 2025, mahakama ya shirikisho ya nchi hiyo ikatupa kesi ya wazee wawili wa visiwa hivyo, Pabai Pabai na Guy Kabai, walioishtaki serikali kwa kutowakinga na mabadiliko ya tabianchi. Jaji alikubali kwamba visiwa vyao vinaumia, na kwamba malengo ya serikali ya kupunguza gesijoto kwa miaka kadhaa hayakuzingatia sayansi iliyo bora. Lakini akaona kwamba sheria ya uzembe, kama ilivyo sasa, haimpi mtu fidia kwa kupotelewa na utamaduni.

Hapo ndipo ninapogomba. Sheria inajua kukadiria nyumba, chombo na shamba. Ikifika kwenye kaburi la babu, inakosa mizani, na kwa kukosa mizani inaandika sifuri. Kukiri kwamba kitu hakipimiki ni jambo la haki. Kukihesabu kama hakipo ni dhuluma.

Na si bahari peke yake. Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada hawakuwa na viwanda vya kemikali zile ziitwazo PCB, lakini miaka ya 1980 maziwa ya akina mama wao yalipopimwa yalikutwa nazo kwa wingi kuliko maziwa ya wanawake wa kusini, walio karibu na viwanda. Upepo na mikondo ya bahari ndivyo vilivyozipeleka, zikajilimbikiza katika mafuta ya samaki, ya sili na ya nyangumi. Sili na nyangumi ni chakula chao, na kuwinda na kugawana nyama ndiyo shule yao na undugu wao. Mama aliulizwa achague kati ya sumu na ukoo! Waliupigania Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 dhidi ya sumu hizo, nao ukapatikana.

Pia ulikubaliwa mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi maskini zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, huko Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022. Katika mazungumzo ya tabianchi, makaburi, lugha na mila huwekwa chini ya jina "hasara zisizo za kiuchumi". Sipendi jina hilo. Linavitaja vitu kwa kile ambacho sivyo. Ningependa wanaoyapanga madai ya mfuko huo waanzie hapo, kwenye makaburi, na nyumba na barabara zifuate baadaye.