Biashara vipi?

Machi 2020 ilitukuta Malindi msimu ukielekea kuisha. Sisi wauza vikoi na vinyago vya ufukweni tuna hesabu yetu: pesa ya Disemba ndiyo inayokuvusha masika mpaka wageni warudi Julai. Mwaka ule hawakurudi. Italia, nchi ya wageni ambao mji huu umewazoea hata watoto wa wachuuzi husalimu kwa Kiitaliano, ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona tangu Machi 9. Kisha ndege za kimataifa zikasimama, kafyu ikaja, na Aprili kaunti yetu ya Kilifi ikafungwa: haingii mtu, hatoki mtu.

Serikali iliwaondolea kodi ya mshahara wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi. Jambo jema. Mimi sina mshahara.

Aliyeajiriwa akiachishwa kazi hupewa barua. Barua inauma, lakini ina tarehe, na majirani wakisikia huja kumpa pole. Mimi hakuna aliyenifuta. Kibanda kipo, vikoi vipo, kila asubuhi navikung'uta vumbi navitundika. Mtu akipita, "Biashara vipi?" Namjibu, "Alhamdulillahi, twashukuru." Na kweli nilikuwa nashukuru, ila usiku silali, moyo unanidunda, na simu ya mweka hazina wa chama chetu cha kuchangiana siipokei kwa sababu nina deni. Mke wangu akadhani nimemkasirikia yeye.

Ningemwambia nani? Mwanamume huambiwa ajikaze. Na waliofikia kutaka kujitoa uhai ndio walionyamaza zaidi, kwani wakati huo kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Ilikuwa hadi Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua kwamba kifungu kilichofanya hivyo, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakiuka Katiba. Mgonjwa alikuwa akiogopa polisi kabla ya kumfikiria daktari.

Kilichonifungua ni mzee wa kibanda cha pili. Jioni moja, tukifunga mapema kuiwahi kafyu, aliniambia bila kuulizwa, "Mwanangu, sijauza kitu tangu Ramadhani, na usiku nalia." Nikakaa chini pale pale mchangani. Usiku ule nilimweleza mke wangu deni lote.

Vyama vyetu vina mfuko wa matanga na wa harusi. Mtu aliye hai asiyelala usiku hana fungu. Nimelileta hili kikaoni mara mbili, na mwezi huu nalileta tena: kabla ya michango, kila mmoja ataje mauzo yake ya kweli ya wiki, hata yakiwa sifuri.