Mafua ya mbwa: ni adimu kweli, au hayapimwi?

Ukipima damu ya mbwa wa majumbani nchini Marekani kutafuta kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi) za influenza, kirusi cha mafua haya, wengi utawakuta hawana. Hamia kwenye vituo vya mbwa waliookotwa, ambako makumi ya mbwa hulala banda kwa banda, majibu yanaweza kugeuka kabisa.

Wanaosema ugonjwa huu ni adimu wana hoja nzito. Aina ya kirusi hicho iitwayo H3N8 ilitoka kwa farasi na kuzuka mwaka 2004 miongoni mwa mbwa wa mbio huko Florida. Katika uwanja mmoja waliugua 22, wakafa 8. Leo aina hiyo imefifia. Mbwa anayeishi peke yake na mfugaji wake hana wa kumwambukiza, na kirusi huishia hapo hapo.

Upande wa pili unauliza: nani kahesabu? Mbwa anakohoa, kamasi zinamchuruzika, anasusa chakula. Daktari anatoa dawa, mbwa anapona, kipimo hakikufanyika. Hata kikifanyika, kirusi hutoka kwa wingi siku za mwanzo kabisa, kwa hiyo pamba iliyopitishwa puani ikichelewa huweza kurudi na jibu la "hana". Tena takriban mmoja kati ya watano walioambukizwa haonyeshi dalili yoyote.

Hoja hiyo naikubali nusu. Kukohoa si influenza; kuna bakteria na virusi vingine chungu nzima vinavyokohoza mbwa, na kuvihesabu vyote humo ni kutia chumvi. Lakini Chicago, mwaka 2015, iliwaumbua waliotulia. H3N2, aina yenye asili ya ndege iliyokuwa ikizunguka kwa mbwa wa Asia, iliwafanya mbwa zaidi ya 1,000 waugue, na mwanzoni ilidhaniwa ni H3N8 ile ile ya zamani. Wengi wao walikuwa na wenyewe, wenye majina na mito ya kulalia.

Hapo ndipo wastani unapodanganya. Mbwa wa nyumbani akiachwa wiki moja kwenye kituo cha kulaza mbwa, hatari yake ni ya mbwa wa kituo, ingawa kwenye takwimu bado anaandikwa wa nyumbani. Mimi ningemchanja huyo, nikamwacha yule asiyevuka geti. Chanjo ni dozi mbili zinazopishana wiki mbili hadi nne, hivyo anayesafiri Krismasi aanze Novemba.