Ile picha ya mie na kanga: sikilizeni na upande wangu

Haya. Tokea jana usiku nimeshapigiwa simu na watu kumi na moja, wawili wako Oman, mmoja hatujasemezana tokea tumalize skuli, na wote wanaanza na salamu ndefuu, watoto hawajambo, bi mkubwa hajambo, halafu kimya kidogo, halafu "eti nasikia ulikuwa Pemba?"

Basi bora niseme mwenyewe. Hiyo voisi mnayosambaziana pamoja na picha, eti nimekwama juu ya mkarafuu nalia bila suruali, ni ya jirani yangu, mtu ambae nauli ya boti kutoka Malindi hapa Unguja mpaka Mkoani, Pemba, nimemlipia mie, nikamlisha, nikamwachia na upande wa kitanda wenye feni, na hivi ndo alivyonilipa. Simtaji jina. Yumo humu, anasoma na anacheka.

Kwanza nisahihishe. Sikuwa juu mita kumi. Nne, tano kama mnataka kunionea. Pili, sikulia, macho yalitoka maji na hicho ni kitu chengine. Tatu suruali nilivua ndio, sikatai, lakini hata kadhi angenipa haki yangu siku ile.

Sasa. Mke wangu mtu wa Mtambwe, huko Pemba, tuna miezi saba ya ndoa, na ukweni kwenyewe nilikuwa sijakanyaga kwa sababu harusi ilifanyika hapa hapa mjini. Msimu wa karafuu umefunguka, baba mkwe akapiga simu, anataka watu, mikarafuu imeiva yote kwa pamoja na ukichelewa karafuu inafunguka ua na ikishafunguka ndo ushakula hasara. Akaniuliza, "mwanangu, kupanda unajua?" Jamani ningesema sijui ningepungukiwa na nini? Nikamjibu, "baba, mie nimekulia juu ya minazi."

Nimekulia Michenzani. Gorofa ya nne. Kitu kirefu nilichowahi kupanda maishani ni ngazi za kwetu na napo napumzika ya pili.

Lakini nilijitayarisha. Nikaenda Darajani nikanunua glavu, raba nyeupe mpya, jinzi nzito. Na usiku nikaangalia video moja ya mzungu anaingia msituni, kafunga miguu ya suruali ili mdudu asipande. Nikaona akili hiyo. Asubuhi ile shamba nikatoa vile vipira vya kufungia mabunda ya noti (dukani ninavyo tele) nikafunga mguu huu viwili na huu viwili, juu ya raba, tiiit, hata upepo haupiti. Shemegi yangu akaniangalia miguuni. Hakusema kitu. Yeye yuko miguu mitupu, kaptula na kamba ya pakacha begani. Vikumbukeni hivyo vipira.

Kwa ambae hajaona shamba la karafuu wakati wa msimu, pazuri wallahi sitii chumvi. Unateremka bondeni na umande, harufu inakupokea kabla hujaona mti. Ule mkarafuu gome lake laini, hauna pa kutia kidole, na vichala viko nchani kabisa, vikarafuu vya kijani vinaanza kuwa na wekundu kidogo shavuni. Shemegi akanipa darasa la dakika moja: chuma kichala kizima na konyo lake, kile kijiti chake, tia kwenye pakacha, tawi la mbali livute kwa ngoe, ile fimbo yenye ndoano, usivunje tawi, na usilitegemee, maana tawi la mkarafuu halipindi likakuonya, linakatika tu. Halafu akapanda kama mtu anapanda kitandani kwake.

Chini ya mti limetandikwa jamvi. Hapo sasa. Wamekaa mama mkwe, mama mdogo wa mke wangu, mashemegi zangu wawili wa kike, mke wangu mwenyewe, na bibi mmoja wa jirani ambae nadhani kamuona sultani. Wanachambua. Yule bibi anachukua kichala, anakisokota kwenye kiganja mara moja, karafuu zinadondoka huku, konyo linarushwa kule, wala hatazami, anaendelea na hadithi zake. Hata makonyo hayatupwi, yanapelekwa kiwandani Wawi yakakamuliwe mafuta. Jirani yangu yeye alisema ana mgongo, kwa hiyo kazi yake ikawa kupiga picha. Mgongo!

Nikapanda. Sitasema nilipandaje, nilisukumwa kidogo, lakini nikafika. Nikakaa penye panda, nikachuma kichala cha kwanza, cha pili, pakacha likaanza kuwa na kitu chini, nikajiona sasa nimekuwa mtu wa Mtambwe kamili. Nikaanza hata kuimba.

Shemegi yuko mti wa pili, akapaza sauti:

"Yakhe! Upande wako wa kushoto huko kuna maji moto!"

Na mie nikamjibu, kwa heshima zote, "Ahsante shemegi, chai ntakunywa nikishuka!"

Najua. NAJUA. Msiniandikie. Kila mtoto wa Unguja anawajua maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini, kwenye miembe ya kwao wamejaa, nyie mna miembe, mie nina ukuta na antena ya jirani. Mtu kaniambia maji moto, nimeelewa maji ya moto, asubuhi, watu wanapika, kuna ajabu gani? Chini nikasikia kicheko kidogo nikadhani wamefurahi na adabu yangu.

Nikageuka kushoto, huko huko nilikokatazwa, nikaona kitu kizuri. Majani ya mkarafuu yameshonwa pamoja, yamefanya kama mpira, ukubwa wa kichwa cha mtoto, na mshono wake uzi mweupe kabisa kama wa cherehani. Nikamwita jirani, "we njoo uone kiota cha ndege!" Akaelekeza simu juu, akasema sogea, sogea tena, kishike, geuza uso kwenye mwanga. Nikakishika. Halafu, Mungu anisamehe, nikavua glavu nikalifunua jani moja nichungulie vifaranga.

Hamna vifaranga.

Sekunde ya kwanza hakutokea kitu. Niliona tu rangi ya chai ya maziwa inatembea, nikadhani ni kivuli. Ya pili kivuli kimefika kwenye kiwiko. Ya tatu nikaelewa kwa nini wazee wetu hawakupoteza muda kutafuta jina, wakasema maji moto wakamaliza, kwa sababu ni birika, mtu kakumwagia birika. Anauma halafu pale pale alipouma anatia kitu chake kikali, hatoki, kakaza taya, ukimvuta kiwiliwili kinatoka kichwa kinabaki.

Mkono wa kulia nimekumbatia mti, wa kushoto nao unajipigapiga wenyewe. Wakaingia kwenye shati kwa shingoni. Wakashuka kifuani. Nikawa bado nina heshima zangu, nasema "oh, oh, astaghfirullahi" kwa sauti ya chini ili mkwe asisikie. Wakafika kwenye mkanda. Nikasema hapa watasimama. Yani niliamini kabisa kwamba mdudu atauheshimu mkanda.

Wakapita.

Sasa ndo turudi kwenye vipira. Mie nilidhani nimefunga mlango wa kuingilia. Kumbe nilichofunga ni wa kutokea. Wameingia kwa juu, wameteremka mpaka chini, wamekuta tiiit, wamegeuka, wanapanda tena, na wenzao bado wanateremka, na njia ni moja, na wakikutana hapo njiani wanakutana wapi? Mie siwaelezi. Watu wazima mnajua.

Nikapiga ukelele. Huo mliousikia kwenye voisi ndo wenyewe, si wa mbuzi.

Kuvua jinzi juu ya mti mtu asikwambie ni kazi ndogo. Kwanza raba. Ya kwanza ikadondoka kwenye pakacha la mtu. Ya pili sijui mpaka leo iko wapi. Halafu vipira, kimoja kikakatika kikanipiga jicho, ndo maji ya macho nilowaambia. Mguu mmoja ukatoka. Wa pili umegoma, nikauvuta, umegoma, nikashika tawi la juu ili nipate nguvu, tawi likasema kah! likakatika na vichala vyake vyote, nikabaki nimelikumbatia shina kwa mapaja matupu, na katika kule kurusha miguu ile suruali ikachomoka, ikaruka, nikaiona inakwenda polepole kabisa imetanua miguu, ikatua katikati ya jamvi. Ikakaa. Wallahi ilikaa kitako kama mtu kaalikwa.

Watu sita wakaitazama kimya.

Yule bibi akaishika kwa ncha ya vidole, akauliza taratibu, "Suruali ishafika. Mwenyewe yuko wapi?"

Wakanyanyua vichwa wote pamoja.

Nilikuwa nimevaa boksa. Nashukuru nilivaa. Lakini ni ile nyeupe yenye makopakopa mekundu, zawadi ya Idi kutoka kwa mke wangu, na katika kimya kile shemegi yangu mdogo akasema, "Dada, si ile tulochagua pamoja?" Mke wangu akajifunika uso kwa mtandio na mpaka leo naona hajautoa vizuri.

Nikasema, "Asalaam aleikum."

Sijui kwa nini. Ndo kilichotoka. Na hakuna alieitikia, kwa sababu wakati huo wageni waliokuwemo ndani ya suruali washatoka na washasambaa jamvini. Mama mkwe wangu ni mtu mzito, mtu wa stara, mie mbele yake hata kukohoa naomba ruhusa. Nimemuona anaruka. Nimemuona ananyanyua mguu huu anapiga huu, anajikung'uta, karafuu zinaruka, makonyo yanaruka, kazi ya asubuhi nzima imechanganyika tena na majani na mchanga, mama mdogo kakimbilia mgombani, mashemegi wanacheka na wanalia kwa pamoja, na yule bibi peke yake kakaa pale pale anawatoa mmoja mmoja na kuwaminya huku anasema "mtoto wa mjini huyo, mtoto wa mjini." Na jirani yangu mwenye mgongo, mgongo umepona, anazunguka mti anatafuta pembe nzuri.

Kushuka sikuweza. Nitashukaje vile? Basi mama mkwe mwenyewe, Mungu ampe umri, akavua kanga yake ya kichwani, akamkabidhi mwanawe, ikatundikwa kwenye ncha ya ngoe ikapandishwa juu kwangu kama bendera. Nikajifunga. Nikateremka kwa kukumbatia, tumbo lote limechubuka, na mgongo nimewapa watu. Hapo ndo picha ilipopigwa. Na jina la kanga mmelisoma wenyewe, halihitaji miwani, limekaa sawasawa juu ya makalio: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Baba mkwe akaja kasikia kelele. Akatazama jamvi, akatazama tawi liko chini na vichala vyake, akanitazama mie na kanga. Akasema, "Unguja mikarafuu yenu ililazwa na kimbunga cha 1872. Huku Pemba hakikufika. Naona sasa mmeamua kukileta kwa boti." Akaenda zake. Lile tawi kanisamehe, ingawa alilizunguka mara mbili.

Nilimuuliza shemegi usiku kwa nini kiota kile hawakichomi moto wakaisha. Akashangaa kama nimemwambia achome nyumba. Eti wale ni walinzi, mnazi wenye maji moto haupukutishi vidaka, wadudu wabaya wanaogopa. Sawa. Walinzi. Nilikamatwa na ulinzi.

Mengine mafupi. Nilivimba. Nikapewa kichupa cha mafuta ya karafuu, nikaambiwa tone moja tu na uchanganye na mafuta ya nazi, mie nikaingia nacho msalani nikamimina kama marashi, na ukelele wa pili ndo huo mwishoni mwa voisi. Siku mbili nimelala kifudifudi. Mihogo ya nazi nimelishwa nikiwa kifudifudi. Boti ya kurudi nilisimama mpaka Malindi, watu wananiambia "kaka, kiti hicho kitupu," nasema ahsante, natazama bahari.

Jana mchana kuna mzigo umeletwa na mtu wa boti kutoka kwa mama mkwe. Nikafungua naogopa. Suruali yangu imefuliwa, imepigwa pasi mpaka ina mstari, na vipira vitatu vimefungwa kwenye kikaratasi. Karafuu kavu kidogo kwenye mfuko, ndo mavuno yangu, kibaba hakijai, sembuse pishi. Raba moja. Na chini kabisa kipande cha pili cha ile kanga. Nikampigia kumshukuru, nikamwambia mama hii ya kwako ntairudisha yote, ntaiosha. Akasema, "Kaa nayo mwanangu, doti haitenganishwi." Halafu simu ikakatika, lakini kabla haijakatika nimesikia nyuma watu wanaanguka kwa kicheko, na sauti ya mbele kabisa ni ya yule bibi.

Mke wangu anaitaka, kanga nzuri. Simpi. Hapa ninavyoandika nimejifunga mie, kwa sababu jinzi bado haikaliki.