Mnakili Hakuliharibu Shairi

Kila ninaposoma maelezo ya wahariri wa zamani kuhusu miswada ya mashairi ya dini na historia iliyoandikwa Uingereza katika Zama za Kati, nakutana na lawama ile ile: mnakili amekosea, mnakili amepotosha, mnakili hakuelewa kilichokuwa mbele yake. Wahariri hao walitaka kurudi nyuma hadi kwa mtunzi mwenyewe, na yeyote aliyekaa katikati na kalamu yake ya unyoya alihesabiwa kuwa kikwazo. Siukubali mtazamo huo. Naamini wanakili waliothubutu kubadilisha maneno ndio waliofanya mashairi hayo yaendelee kusomwa, na nakala zao zinastahili heshima ile ile anayopewa mtunzi.

Chukua shairi liitwalo Cursor Mundi, lililotungwa kaskazini mwa Uingereza yapata mwaka 1300. Lina mishororo inayokaribia 30,000, nalo husimulia habari za dunia tangu kuumbwa kwake hadi siku ya hukumu. Jina la mtunzi halikuhifadhiwa. Nakala iliyomo katika mkusanyiko wa miswada wa Robert Cotton, ambao sasa uko British Library mjini London, inaanza kwa kusema kwamba watu hutamani kusikia mashairi na kusoma hadithi za namna nyingi, "on maneres sere". Neno sere, lenye maana ya "mbalimbali", liliingia katika Kiingereza kutoka lugha ya walowezi wa Skandinavia, na lilikuwa zaidi neno la watu wa kaskazini. Mnakili wa muswada ulioko Trinity College, Cambridge, ambaye hakuwaandikia watu wa kaskazini, aliandika "in dyuerse manere". Aliliondoa neno lile, akaweka mahali pake neno lenye asili ya Kifaransa ambalo wasomaji wake walilijua, kisha akalisogeza manere hadi mwisho wa mshororo ili lipatane na here la mshororo uliotangulia, na kina kikabaki salama. Mtu asiyeelewa anachokinakili hawezi kufanya hivyo. Huyu alikuwa akilisikiliza shairi huku mkono wake ukiandika.

Mtunzi mwenyewe asingekuwa na sababu ya kumlalamikia. Anapofika kwenye habari za Bikira Maria kupalizwa mbinguni, anatuambia waziwazi kwamba aliikuta habari hiyo katika Kiingereza cha kusini, naye ameigeuza kuwa lugha ya watu wake wa kaskazini ambao hawawezi kusoma Kiingereza kingine. Katika utangulizi alikwisha kuuliza kuna nini cha kumfaa mtu asiyejua Kifaransa, ilhali mashairi mengi yametungwa kwa ajili ya wanaokijua. Msomaji anayejua jinsi Kiamu cha tenzi za zamani kinavyomsumbua mtu aliyelelewa kwa Kiunguja atalielewa jambo hili upesi. Shairi lililotungwa ili mtu asikose neno la dini kwa sababu ya lugha halikusalitiwa lilipogeuzwa tena kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana nampenda Richard Morris, ambaye alipoanza kulichapisha mwaka 1874 alizipanga nakala nne bega kwa bega, kila moja na safu yake, msomaji aone kila mkono ulichoandika.

Katika mashairi ya historia mfano ninaourudia ni Brut ya Layamon, kasisi aliyeishi Areley Kings kando ya mto Severn. Anasimulia wafalme wa Waingereza wa kale, Arthur akiwa miongoni mwao, na anajieleza akishika unyoya kwa vidole vyake na kuandika juu ya ngozi. Miswada iliyobaki ni miwili tu, yote ya karne ya 13. Ule uitwao Caligula umejaa maneno ya kizamani, na kwa muda mrefu ndio uliosifiwa. Ule uitwao Otho umefupishwa, umepunguza maneno ya kale, na hata kasisi mwenyewe unamwita Laweman na kumweka akiishi na "askari farasi mwema", wakati mwenzake unamweka kwenye kanisa adhimu. Moto wa Ashburnham House, jumba la London lililokuwa na mkusanyiko wa Cotton, wa tarehe 23 Oktoba 1731 uliuharibu vibaya muswada huu, na nadhani ulidharauliwa mara mbili: kwa kuungua kwake na kwa ujasiri wa mnakili wake. Kwangu mimi ni ushahidi adimu. Unatuonyesha kwamba katika karne ile ile kulikuwa na watu walioitaka historia hiyo, lakini waliitaka kwa maneno ya kwao. Frederic Madden alitenda haki mwaka 1847 alipoichapisha miswada yote miwili pamoja.

Sisemi kwamba wanakili hawakukosea. Walirukaruka mishororo, walichoka, walisoma herufi moja kwa nyingine. Lakini kosa la jicho ni jambo moja, na uamuzi wa mtu anayemjua msomaji wake ni jambo jingine, na lawama ile ya jumla haijali tofauti hiyo.

Namkumbuka pia Orm, mtawa wa karne ya 12 aliyeandika mahubiri marefu ya kishairi na kubuni tahajia yake mwenyewe, akiandika konsonanti mara mbili ili kuonyesha irabu fupi. Anamsihi yeyote atakayenakili kitabu chake asibadilishe chochote, ahesabu maneno, na aangalie vizuri kwamba kila herufi iliyoandikwa mara mbili ameiandika mara mbili. Nauelewa uchungu wake, kwa maana kazi ile ilimgharimu miaka. Kitabu chake kiko katika maktaba ya Bodleian, Oxford, kikiwa na mishororo 19,000 hivi, kwenye vipande vya ngozi visivyolingana ukubwa, vingine vikiwa vimebanwa katikati ya kurasa ili kuongeza alichokumbuka baadaye. Ni muswada wa mkono wake mwenyewe, na hakuna nakala nyingine iliyotufikia.