Leseni ya gari kabla ya mashine ya kunyolea

Magharibi mwa New South Wales, Australia, miji midogo kama Bourke na Brewarrina ina wakazi wengi Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, na imezungukwa na mashamba ya kondoo. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, wanyoaji wa kondoo wa New Zealand walishindwa kuvuka na mabanda ya kunyolea yakakosa watu. Wito wa kuwafundisha vijana wa pale pale kazi ya sufu ukapata nguvu.

Wanaouunga mkono wana hoja ya kweli. Kazi iko karibu na ukoo na ardhi ya mababu, haidai vyeti vya shule, na mnyoaji hulipwa kwa hesabu ya kondoo. Anayefikisha 150 kwa siku, katika vipindi vinne vya saa mbili mbili, hupata ujira mzuri.

Wenye shaka nao wasibezwe. Kwa sheria ya 1909, bodi ya serikali ya jimbo hilo ilipeleka watoto wa Kiaborijini kutumika mashambani na majumbani, ikashika mishahara yao, na wengi hawakulipwa kamwe. Bodi ilivunjwa 1969 tu. Bibi anayeuliza nani atafaidika na mafunzo haya anauliza swali la haki. Tena ni kazi ya kuinama kutwa, na migongo huumia mapema.

Mimi naunga mkono mafunzo, ila si kozi fupi zinazoishia kwenye picha za vyeti. Tazama kunoa tu. Kitana cha mashine kina meno kama 13, na juu yake hupita kisu chenye ncha 4. Kisu kikiwa butu, mwanagenzi hukandamiza. Chuma hupata moto, huvuta ngozi yenye mikunjo ya kondoo wa merino na kuichana. Kisha hurudia alipopita, na vipande vifupi vya mkato wa pili huishusha thamani sufu nzima. Kwenye kozi, mwalimu humnolea kila asubuhi. Kwa mkandarasi, mwenye kikosi cha wanyoaji, hakuna wa kumnolea, na kijana huonekana mvivu kumbe hakufundishwa.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko nje ya banda. Kipindi cha kwanza huanza saa moja na nusu asubuhi, na banda laweza kuwa kilomita 100 kutoka nyumbani. Katika jimbo hilo, aliye chini ya miaka 25 huhitaji kuandikisha saa 120 za kuendesha akiwa na msimamizi mwenye leseni kabla ya mtihani. Nyumba isiyo na gari itazipata wapi?

Halafu kuna ngazi ya juu, ambayo programu nyingi huisahau. Kijana anayeanza kwa kufagia na kutenga sufu ya tumbo na yenye madoa ya mkojo anaweza kufika kuwa mpanga madaraja aliyesajiliwa, mwenye namba yake inayopigwa kwenye kila robota la kilo 110 hadi 204. Huyo ndiye anayeigawa sufu ya msimu katika madaraja kabla ya kuuzwa.

Kwa hiyo fedha ya kuwafundisha kumi kwa wiki mbili ningeigeuza: vijana wawili wawili, kwa pamoja ili asiwepo mpweke bandani, na mwalimu kando yao kwa mkandarasi msimu mzima, mashine ya kunolea ikiwa mikononi mwao tangu siku ya kwanza, na safari ya kila siku ya kwenda bandani, wakiendesha wao chini ya msimamizi, ikihesabiwa katika zile saa 120.