Mfanyakazi Anapojipa Alama Mwenyewe

Ukipitia tasnifu za uzamili katika vyuo vya Kampala, iwe Makerere, shule yake ya biashara pale Nakawa au Taasisi ya Usimamizi ya Uganda, utakutana na mada ileile imevaa nguo tofauti: usimamizi wa rasilimali watu na utendaji wa wafanyakazi katika halmashauri fulani, benki fulani, hospitali fulani. Wapo wahadhiri waliojenga maisha yao yote ya kitaaluma juu ya mada hiyo, kutoka uhadhiri msaidizi hadi uprofesa. Je, kazi hiyo imemfaa mfanyakazi wa Uganda na yule anayehudumiwa naye?

Wanaoikosoa wana hoja nzito, na kiini chake ni hojaji. Mtafiti huandika kauli kama "mafunzo niliyopata yameboresha utendaji wangu", kisha mhojiwa huchagua kati ya kukubali sana na kukataa sana, kwa kipimo alichokibuni mwanasaikolojia wa Marekani Rensis Likert mwaka 1932. Idadi ya wahojiwa hutoka kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970: ukiwa na wafanyakazi 200, unachukua 132. Takwimu huingizwa kwenye kompyuta, nayo hutoa uhusiano chanya kati ya mafunzo na utendaji. Lakini mtu yuleyule, katika karatasi ileile, amewapa alama wakubwa zake na kujipa alama yeye mwenyewe. Aliyeridhika na kazi yake atapandisha alama zote mbili, na aliyekasirika atazishusha zote. Uhusiano huo unaweza kuwa umezaliwa palepale kwenye karatasi, bila kazi yenyewe kubadilika hata kidogo. Tena hojaji mara nyingi hupitia mikononi mwa ofisa utumishi. Nani ataandika kwamba yeye ni mvivu?

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Hojaji hizo huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo huwafikia watu wa ofisini. Mlinzi wa getini, fundi wa ujenzi na kuli wa Busia au Malaba, miji ya mpakani na Kenya, ambao wengi wao husemezana kwa Kiswahili kazini, hawaonekani kabisa katika elimu hii ya "wafanyakazi".

Sipendi lakini kumtupia mhadhiri lawama zote. Anafundisha mchana, anafundisha jioni, na wikendi ana darasa la watu walioajiriwa. Kupanda cheo kwake kunategemea makala alizochapisha. Hojaji ni nafuu na inakamilika ndani ya muhula. Kukaa miezi kadhaa katika zahanati kuhesabu nani amefika kazini kunahitaji fedha, na bado mwisho wake ni makala moja tu.

Wanaoitetea fani hii nao wana mahali pa kusimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Uganda ilikuwa na watumishi wapatao 320,000, na ndani ya miaka michache ikawapunguza hadi karibu nusu. Tangu hapo zimekuja fomu za tathmini, mikataba ya utendaji na malengo ya kila mwaka. Lazima awepo mtu wa kuuliza kama mambo hayo yanafanya kazi, na majibu ya kuazima hayatoshi. Utafiti maarufu wa Mark Huselid wa mwaka 1995 ulitazama kampuni karibu 1,000 za Marekani, na hata huko wasomi wanaendelea kubishana kama usimamizi mzuri wa watu ndio unaoleta faida, au faida ndiyo inayoiwezesha kampuni kuwatunza watu wake. Hospitali ya Nebbi, kaskazini-magharibi mwa Uganda, haiwezi kuendeshwa kwa jibu hilo. Tena wanafunzi wa fani hii wengi ni walimu wakuu, maofisa utumishi na watawala wa wilaya. Hata tasnifu dhaifu humfundisha mkubwa wa kazi kuomba ushahidi kabla ya kuamini.

Hoja hii ya mwisho ndiyo inayonifanya nione kwamba fani hii inastahili kuendelea, ila kwa vipimo vingine. Mfano upo hapahapa Uganda. Watafiti waliotembelea shule na vituo vya afya bila taarifa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, walikuta asilimia 27 ya walimu wa msingi na asilimia 37 ya wahudumu wa afya hawapo. Hakuna hojaji ya kujipa alama ambayo ingeonyesha hayo. Mwaka 2009 ukachapishwa utafiti mwingine uliohusisha vituo vya afya 50: wanakijiji walipopewa taarifa kuhusu huduma za kituo chao na kukutanishwa na wahudumu wao, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa asilimia 33. Baadaye watafiti wengine walirudia wazo hilo katika vituo 376 kwenye wilaya 16, na vifo havikupungua. Kurudia kazi ya mwenzako hivyo, hata kama jibu linaudhi, ndiyo taaluma yenyewe, na kunastahili kupandisha cheo kuliko makala tano za hojaji.

Na mada zipo tele. Mwaka 2022 serikali iliwapandishia walimu wa sayansi wa sekondari wenye shahada mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku wenzao wa masomo ya sanaa wakibaki karibu na milioni 1. Mwezi Juni walimu waligoma. Shule ni moja, mwalimu mkuu ni mmoja, chumba cha walimu ni kimoja, lakini mishahara ilipishana mara nne. Je, tofauti hiyo ilibadilisha utendaji wa walimu? Daftari za mahudhurio zipo, na matokeo ya Baraza la Mitihani yapo. Atakayelifanyia kazi swali hili atumie kidato cha sita, kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne ulibadilika mwaka 2024 kufuata mtaala mpya. Asiwaangalie walimu wa sayansi peke yao pia: mwalimu wa historia aliyevunjika moyo naye ni sehemu ya gharama ya uamuzi ule.